Bahasha Thelathini na Nane

Dada yangu Marlys Kettunen alipikia watoto wa shule ya Skallow kwa miaka ishirini na saba, na muda wote huo sikumsikia akizungumzia siasa, isipokuwa kuwasengenya wakubwa waliokuja kupigwa picha na sahani zake. Kisha wakafunga wodi ya wazazi katika hospitali ya kaunti yetu. Haikupita miezi miwili, msichana aliyekuwa akimsaidia jikoni akashikwa na uchungu, na Marlys akampakia kwenye pikapu kumkimbiza hospitali ya mbali, ng'ambo ya milima. Hawakufika. Mtoto alizaliwa kando ya barabara kuu, mvua ikimwagika, na mikono iliyompokea ilikuwa ya dada yangu.

Mama na mtoto walipona. Wiki iliyofuata Marlys alimwandikia Dwight Pomeroy, seneta aliyetuwakilisha kwenye baraza la jimbo kule Olympia kwa vipindi vinne. Akajibiwa kwa kadi yenye picha ya seneta na familia yake na mbwa wao, ikimshukuru kwa kuendelea kumuunga mkono.

"Nani amemuunga mkono huyu?" aliniuliza, kadi akiwa ameishika kwa ncha za vidole. "Nitagombea kiti chake."

Nilicheka. Mimi ni Taimi, mdogo wake, dereva wa basi la shule, na nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alizunguka wilaya nzima majira yote ya kiangazi, kuanzia vijiji vya wakata magogo hadi kwenye vibanda vya ufukweni ambako watu wanabandua chaza. Alikuwa hana sauti nzuri ya jukwaani. Alizungumza kama anayegawa chakula: neno hili chukua, songa, anayefuata.

Kwetu tunapiga kura kwa posta. Unajaza karatasi nyumbani, unaitia kwenye bahasha, unaweka saini nje ya bahasha, unaituma. Kwa hiyo hesabu haiishi siku ya uchaguzi, inajikokota kwa siku kadhaa bahasha zinavyofika. Jumanne ile Marlys alikuwa nyuma kwa kura mia tatu. Alhamisi, themanini. Ijumaa ya wiki ya pili, katika kura zaidi ya elfu hamsini na nane, alikuwa nyuma kwa kura tisa.

Mchana huohuo akapiga simu Paige Ostrander, mwanamke aliyetumwa na chama kusimamia kampeni za upande wetu wa jimbo. Marlys aliiweka simu juu ya meza ya jikoni ili nami nisikie.

"Marlys, umefanya kazi ambayo hakuna aliyeitegemea," alisema Paige. "Sasa mpigie Pomeroy, mpongeze, uonekane muungwana. Watu watalikumbuka hilo."

"Kura zote zimehesabiwa?"

"Karibu zote."

"Karibu ni ngapi?"

"Kuna bahasha thelathini na nane Kaunti ya Halloran zimewekwa kando. Saini hazikulingana na zile zilizo kwenye faili. Wenyewe wameandikiwa barua. Wana hadi Jumatatu, si hii bali ile nyingine, saa kumi jioni, kwenda kuthibitisha. Wengi huwa hawaendi."

"Halloran ni hapa kwetu."

"Ndiyo."

"Basi Pomeroy atasubiri pongezi zake," Marlys alisema, akakata simu.

Majina ya wenye bahasha hizo si siri, sheria inataka yawe wazi. Kesho yake asubuhi Paige alituma orodha, kila jina limepakwa rangi. Kumi na tisa yalikuwa ya kijani, hao alidhani ni wetu. Mengine yalikuwa mekundu, hao wa Pomeroy, na machache ya kijivu, ambao hakuwajua. Chini aliandika: wafuateni wa kijani tu, wengine waacheni walivyo.

Marlys alikaa na kalamu, akainakili orodha yote upya kwenye daftari la shule. Nilichungulia begani kwake. Hakuweka rangi. Alikuwa ameyapanga majina kwa barabara, jinsi mtu wa posta angeyapanga.

"Dada," nikamwambia, "hawa wekundu unawatakia nini?"

"Wana bahasha kule kama wengine."

"Wamempigia Pomeroy. Unataka tuwabebe na gari letu wakakumalize?"

"Sijui wamempigia nani. Wewe unajua? Umeifungua bahasha ya nani?"

"Usinifanye mjinga, Marlys. Uko nyuma kwa tisa."

"Najua kuhesabu." Alifunga daftari. "Kadi ya Pomeroy iliniudhi kwa sababu moja, Taimi. Aliniangalia akaona ni mtu wake ama si mtu wake, basi, habari ya yule mtoto hata hakuisoma. Nikianza kuchagua nani abishiwe hodi na nani aachwe, nitakuwa nimeshakuwa yeye kabla sijafika Olympia. Washa gari."

Niliwasha, ila nilinuna hadi tukafika Barabara ya Kinu.

Siku zile kumi tulijifunza mengi kuhusu saini. Kulikuwa na mwanamke aliyeolewa Agosti akasaini kwa jina jipya kabla hajalizoea. Kulikuwa na mbanduaji chaza aliyesaini juu ya boneti ya gari, na glavu mkononi. Mjane mmoja aliitupa barua ya kaunti akidhani ni ya matapeli, tukaitafuta naye kwenye pipa la karatasi. Wawili walikuwa wameshahama. Mmoja alitufungia mlango. Kijana mwenye bustani ya maboga alituambia kura moja haibadilishi kitu, Marlys akamuuliza kama hata tisa hazibadilishi, naye kijana akavaa buti zake.

Asubuhi nilipeleka watoto shule, nikachukua pikapu, tukaenda hadi saa nane, nikarudi kwenye basi. Waliokuwa na gari walijipeleka wenyewe. Wasio na gari tuliwabeba. Mahakama ya kaunti, ambako ofisi ya uchaguzi ipo ghorofa ya chini, iko mbali, na fomu ya kurudisha kwa posta watu wengi walikuwa wameipoteza pamoja na barua.

Na barua yenyewe niliisoma mara nyingi mpaka nikaichukia. Haikusema, saini yako imetofautiana, njoo utusaidie. Ilisema saini iliyo kwenye bahasha hii haionekani kuwa ya mpiga kura, na kwamba kughushi saini ni kosa la jinai, na kifungo chake kikatajwa.

Alhamisi tukafika kwa Mzee Einar Salo.

Mzee Salo alikuwa na miaka themanini na mitatu, mkata magogo wa zamani, mkaidi kuliko magogo yenyewe. Kwenye uzio wake alikuwa amepigilia bango la Pomeroy kubwa kuliko mlango. Tulimkuta barazani, mikono ameificha chini ya blanketi.

"Mmekuja kuiba bango," alisema.

"Halitaingia kwenye gari," alijibu Marlys. "Habari za siku nyingi, Mzee Einar. Umepata barua ya kaunti?"

Uso wake ulibadilika. "Hayo hayakuhusu."

"Umeipata?"

"Nimeipata, nimeichoma." Alitazama kando. "Miaka sitini napiga kura. Leo wananiandikia kwamba mimi ni mwizi wa jina langu mwenyewe. Binti yangu akapiga simu kutoka Spokane, nikamwambia hakuna kitu. Nitamwambia nini? Kwamba watakuja kunifunga?"

Alitoa mikono chini ya blanketi, si kwa kutuonyesha, ila blanketi lilikuwa linaanguka. Yote miwili ilikuwa inatetemeka, na wa kulia ulitetemeka vibaya zaidi, kama kitu kilichowashwa kikakosa wa kukizima.

"Tangu lini?" aliuliza Marlys.

"Tangu masika. Ni ule ugonjwa wa kutetemeka. Nilisaini ile bahasha kwa dakika tano, nikajua imeharibika, nikasema wataelewa."

"Hawajaelewa. Twende tukawaeleweshe."

"Na wewe?" Mzee alimkazia macho. "Bango hulioni?"

"Kila siku naliona. Vaa koti, kuna baridi."

Alichukua muda mrefu kuvaa lile koti, na hakutaka kusaidiwa vifungo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani nikihesabu: huyu ni mmoja wao kabisa, hana kijivu wala nini, na sisi ndio tunampashia viti joto.

Ofisi ya uchaguzi ilikuwa na kaunta moja na viti vichache. Nyuma ya kaunta alikuwepo karani, Denise, na kwenye kiti cha pembeni alikaa Colleen Burdett, wakala wa Pomeroy, mwalimu mstaafu aliyekuwa akitazama kila bahasha inayoguswa. Sheria inamruhusu. Wetu alikuwa ameenda kula. Marlys alibaki ukutani karibu na mlango, kwa sababu mgombea haruhusiwi kusogelea kaunta.

Denise alimpa mzee fomu na kalamu. Kalamu ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Mara ya tatu akaishika kwa ngumi kama mtoto, na alichokiandika kilikuwa mistari iliyokwenda kila upande hadi nje ya karatasi. Masikio yake yakawa mekundu.

"Samahani, mzee," Denise alisema kwa upole, "hii nayo haitalingana."

"Napinga," alisema Colleen, akiwa ameshasimama. "Andika kwamba napinga. Huyu mzee ameletwa na mgombea mwenyewe, nimewaona dirishani. Hatuna uhakika kama bahasha ile aliisaini yeye."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia, mama wewe, huyo ni mtu wenu, ana bango la mtu wenu mpaka mawinguni, kaa chini. Neno moja tu na angenyamaza. Marlys alinishika kiwiko, akakiminya hadi nikasikia maumivu.

"Thubutu," alininong'oneza. "Kama haki yake inategemea amempigia nani, basi hana haki."

Lakini Mzee Salo alikuwa ameshageuka.

"Unasema nimeletwa," alimwambia Colleen. "Ndiyo, nimeletwa na gari. Ulitaka nije kwa miguu maili kumi na nne?"

"Mzee, simaanishi kwamba wewe ni mwongo."

"Unamaanisha nini sasa?"

"Namaanisha mgombea..."

"Nakuuliza kuhusu mimi, wewe unanijibu kuhusu mgombea." Hakupandisha sauti. "Mkono huu umeangusha misonobari ambayo watu watano wakishikana mikono hawawezi kuizunguka. Leo hauwezi kushika kijiko cha supu. Hilo ni shauri langu na daktari wangu. Lakini jina ni langu, na kura ni yangu, na niliyempigia ni siri yangu, sitakwambia hata ukipiga magoti. Sasa niambie usoni. Mimi ni Einar Salo au siye?"

Colleen aliangalia mikono ya mzee, akaangalia karatasi.

Denise akakohoa. "Kuna njia," alisema. "Asiyeweza kusaini anaruhusiwa kuweka alama yoyote, mradi mashahidi wawili waione na wasaini wao. Mimi siwezi kuwa shahidi."

"Mimi nitakuwa," nikasema.

"Anahitajika wa pili."

Chumbani hakukuwa na mwingine ila dada yangu, na dada yangu alitikisa kichwa. Mzee Salo alimnyooshea Colleen kidole, na kidole kile kikacheza hewani.

"Huyu hapa. Tangu nimeingia hajapepesa macho. Nani ameona vizuri kumshinda?"

"Mimi?" alisema Colleen.

"Wewe. Au unaogopa kuandika ulichokiona?"

Kisha Colleen alivuta kiti karibu na kaunta, akamshikilia mzee karatasi isiteleze, na Einar Salo akachora msalaba. Mstari wa kwanza ulitoka umejikunja. Wa pili aliusukuma polepole mno, jasho likimtoka, mpaka ukakatiza wa kwanza. Nilisaini. Colleen akasaini chini yangu, mwandiko wa kimwalimu, ukasomeka wote.

"Futa ile ya kupinga," alimwambia Denise.

Njiani kurudi, tulipofika darajani, mzee alimgeukia Marlys.

"Sijabadilisha mawazo," alisema.

"Sijakuomba," Marlys alimjibu.

"Sasa kwa nini umehangaika?"

"Barua ilisema wewe si wewe. Mimi nakufahamu tangu nina miaka sita, Mzee Einar. Ulinifukuza kwenye miti yako ya tufaha."

"Ulikuwa unavunja matawi."

"Nilikuwa navunja."

Hadi Jumatatu saa kumi jioni, watu ishirini na tisa kati ya wale thelathini na nane walikuwa wamethibitisha. Kesho yake adhuhuri bahasha zao zilifunguliwa mbele ya mawakala wa pande zote mbili, zikachanganywa, zikahesabiwa. Kumi na nane zilikuwa za Marlys, kumi na moja za Pomeroy. Kutoka nyuma kwa tisa, dada yangu akawa nyuma kwa mbili.

Sheria ikalazimisha kura zote za wilaya zihesabiwe upya kwa mkono. Ilichukua wiki. Mbili zilibaki mbili.

Paige alipiga simu tukiwa jikoni shuleni. Nilikuwa nimemfuata Marlys huko, sikutaka apokee habari peke yake.

"Nimepiga hesabu," alisema Paige, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kwelikweli. "Kwa makadirio yangu mliwabeba wapiga kura sita wa Pomeroy kwa gari lenu wenyewe. Sita, Marlys. Mngewaacha, leo ungeitwa seneta. Ungeshinda kwa nne. Wodi yenu ungeipigania ukiwa ndani."

Marlys alikuwa na sufuria mbele yake, ile kubwa ya supu, na alikuwa akiisugua wakati ilishakuwa safi. Nilijua anaumia, maana mimi mwenyewe nilishalia ndani ya basi, nimeegesha, hakuna mtu.

"Nitajie jina," alisema mwishoni. "Katika hao sita, yupi nilipaswa kupita mlangoni kwake nikaangalia pembeni?"

"Sizungumzii mtu mmoja mmoja."

"Mimi nilibisha hodi mlango mmoja mmoja."

"Utalijutia hili."

"Nitaumia, ndiyo, naumia sasa hivi. Kujuta ni kitu kingine." Akaweka sufuria chini. "Asante kwa yote, Paige. Nimesema kwa moyo. Lakini orodha yako ya rangi usiilete tena nyumbani kwangu."

Halafu akampigia Pomeroy. Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti ya seneta ikiwa haijatoka redioni. Alikuwa mchangamfu, alisema ameguswa, alisema mlango wake uko wazi.

"Nimepiga kukubali hesabu," Marlys alimwambia. "Umenishinda kwa kura mbili, na mbili zinatosha, wewe ndiye seneta. Lakini usichukulie kwamba nimekaa chini. Januari baraza likifunguliwa nitakuwa kwenye viti vya wananchi, mbele kabisa, na nitamleta msichana aliyejifungulia barabarani pamoja na mwanawe. Safari hii utamwona mtoto mwenyewe, si barua."

Seneta akamtakia sikukuu njema.

Kabla ya Januari kulikuwa na Desemba, na Desemba wajumbe wa bodi ya kaunti walikutana. Kikao hicho kwa kawaida huwa na watu wanne na mbwa wa mmoja wao. Mara hii watu ishirini na wawili kati ya wale wa bahasha walikuja, Marlys alikuwa amewapitia tena kwa barabara, na Mzee Salo alikuwa mstari wa mbele, kofia ya Pomeroy kichwani.

Marlys alieleza shida ya barua kwa maneno machache. Mwenyekiti, mtu mpole aitwaye Lyle Haverty, alisema ni barua ya kawaida, imetumika miaka mingi, hakuna aliyelalamika.

"Isome," alisema Mzee Salo.

"Ninaifahamu, mzee."

"Isome kwa sauti. Nisomee mimi, unitazame."

Lyle alivaa miwani. Alisoma mstari wa kwanza vizuri. Alipofika kwenye haionekani kuwa ya mpiga kura, alimtazama mzee, akarudi kwenye karatasi. Alipofika kwenye neno jinai, aliacha kusoma.

"Endelea," alisema Mzee Salo. "Mimi niliisoma hadi mwisho, tena peke yangu."

Lyle alivua miwani, akawageukia wenzake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona bodi ya Halloran ikikubaliana jambo bila kubishana. Barua itaandikwa upya. Itaanza kwa kumwomba mtu msaada, itataja njia ya alama na mashahidi, na kaunti itatuma gari kwa asiye na usafiri. Colleen Burdett, aliyekuwa amekaa upande wetu bila kumweleza mtu sababu, aliinua mkono akajitolea kuiandika.

Nje, uwanja wa kuegesha magari ulikuwa umejaa maji. Mzee Salo alimshika Marlys mkono avuke dimbwi, au labda ni Marlys aliyemshika yeye.

"Ukigombea tena," mzee alisema, "sitakupigia."

"Nitagombea tena."

"Nimekwambia nini?"

"Nimesikia. Na siku ya kura nitapita kukuuliza kama umetuma bahasha."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Tukampakia kwenye pikapu, katikati yetu, magoti yake yakigonga dashibodi, na njia nzima wakabishana kuhusu yale matawi ya tufaha, nani alivunja mangapi.